Kadi Iliyofagiwa

Mume wangu alijifunza kupiga picha kwa sababu ya sakafu. Yeye ni fundi vigae, na wateja wa siku hizi hawataki maneno, wanataka kuona. Ukimwambia mtu umetandika bafu la daktari fulani likapendeza, swali lake la kwanza ni picha iko wapi. Simu yake ilikuwa na lenzi iliyopasuka, kila picha ina mstari katikati, na fundi vigae anayeonyesha sakafu zenye ufa atalala njaa. Basi akanunua kamera ya mitumba, nyeusi, nzito, yenye mkanda uliochakaa, akaingia nayo ndani ameishika kwa mikono miwili.

"Hiyo nayo inakula nini?" nikamuuliza.

"Inakula betri, Mama Cheche. Na isiguswe."

Cheche ni binti yetu. Kwenye cheti ana jina jingine, la heshima zake, lakini hakuna aliyelitumia. Bibi yake alimwita Cheche siku alipoanza kutembea, maana hakutembea, alitoka mbio. Kula alikula akizunguka meza, kulala alilala akipiga mateke. Mimi ni msusi, nasukia barazani kwetu, na vichwa vya mtaa mzima vimepita mikononi mwangu vikatulia isipokuwa cha mwanangu mwenyewe. Kumsuka yeye ilikuwa vita: mstari mmoja leo, mwingine kesho, na katikati nimemfukuza mpaka kwa jirani na chanuo mkononi. Alikuwa ametimiza miaka mitatu na ushee.

Darasa la picha lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye chumba kilicho juu ya duka la madaftari. Lilikuwa darasa la wanaoanza kabisa. Mwalimu wao alikuwa bwana mmoja mrefu aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, na mifuko yote, mume wangu aliniapia, ilikuwa mitupu. Wanafunzi walikuwa askari mstaafu, muuza keki, vijana wawili wa chuo na huyu wangu wa vigae. Jioni alirudi na somo kichwani, na kwa kuwa hakuwa na wa kumfundisha, akanifundisha mimi.

"Kamera ni chumba cha giza," ananiambia, huku mimi nina kichwa cha mteja magotini. "Kina dirisha na kina mlango. Dirisha ni tundu la lenzi. Ukilipanua, mwanga unaingia mwingi. Ukilibana, unaingia kidogo. Umenielewa?"

"Mlango je?"

"Mlango ni shata. Unafunguka na kufunga. Ukikaa wazi muda mrefu, kila kinachosogea mbele yako kinachafua picha. Ukifunga haraka, hata inzi unamsimamisha hewani."

"Sasa nisuke au nisikilize?"

"Suka huku unasikiliza. Kuna na la tatu, wepesi wa kuona mwanga. Ukiupandisha, kamera inaona hata penye giza, ila picha inaota chengachenga, kama rangi ya ukutani iliyochanganyika na mchanga."

Ndivyo nilivyopata elimu ya picha bila kutoka barazani. Viwiko bana mbavuni. Toa pumzi ndipo ubonyeze. Kitufe bonyeza nusu kwanza, kamera ilenge, ndipo umalizie. Jua liwe mgongoni mwako, si mgongoni mwa unayempiga, usije ukamgeuza mtu wa watu kuwa kivuli. Mpaka leo nikimwona mtu anapiga picha amelielekea jua, namkatia jicho. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilifurahi kumwona mwanamume aliyezoea kuja nyumbani na vumbi la saruji tu sasa anakuja na habari.

Lakini mwalimu yule alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ndiyo iliyotumaliza. Kila Jumamosi kabla ya kutawanyika, wanafunzi walisimama duara, wakapitia picha za wiki nzima mbele ya wenzao. Kila picha iliyocheza, yaani iliyoharibika kwa sababu mkono ulitikisika au mtu alisogea, ilifutwa papo hapo, watu wote wakitazama. Aliita kufagia kadi, ile ya ndani ya kamera inayotunza picha. Picha iliyocheza si picha, aliwaambia, ni takataka, na anayetunza takataka huzoea harufu yake.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba wanafunzi wengine walimdanganya mwalimu mchana kweupe. Muuza keki alikuwa na kadi mbili, moja ya darasani na moja ya maisha yake. Mume wangu hajui mambo ya kuwa na vitu viwili. Huyu ni mtu anayeng'oa kigae kilichokwisha kukauka kwa sababu kimepanda unene wa ukucha. Mwenye nyumba akimwambia, fundi, mbona hata hakionekani, yeye anamjibu, "Mimi nakiona." Alikuwa na kadi moja, ndogo, na akaifagia kwa moyo wake wote.

Tena mwalimu alikuwa amelipanga darasa lake hatua kwa hatua. Kwanza vitu vilivyotulia: kikombe, nyanya, kiti, ukuta. Vinavyokimbia vilikuwa somo la mbele. Basi nyumba yetu ikapigwa picha yote. Kikombe changu cha chai kina picha nyingi kuliko ukoo wangu mzima. Nyanya zilipangwa dirishani mpaka zikaoza, na nilipotaka kuzipika nikaambiwa subiri, mwanga wa leo ni mzuri.

Cheche naye alitaka kupigwa picha. Akisikia ule mlio wa kamera tu, anakuja mbio kutoka popote alipo.

"Baba, mimi! Nipige mimi!"

"Haya, simama hapo. Tulia, mama. Tulia hivyo hivyo."

"Nimetulia!" anasema, na miguu yote miwili iko hewani.

Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, mwanga wake wa kuombaomba. Kamera ikafungua mlango wake polepole, na mtoto huyo kashapita. Mume wangu anatazama kioo cha nyuma ya kamera, midomo ameibana. "Imecheza." Anapiga nyingine. "Imecheza." Mwenzake anacheka, anamzunguka, anataka kuona, anakumbatia mguu wa baba yake na kuutikisa, na hiyo nayo inacheza.

Siku moja nilimpokonya kamera nikatazama mwenyewe. Alikuwa amempiga Cheche akiruka kutoka kwenye kigoda. Uso hauonekani vizuri, mikono imekuwa mingi, nywele nilizosuka nusu zimesimama upande mmoja, lakini meno yote yapo, na mtu yeyote anayemjua angesema, huyu ni Cheche, hakuna mwingine.

"Hii usifute," nikamwambia.

"Hii? Hii hata jicho haina. Nitampiga nyingine nzuri."

"Baba Cheche, nimesema usifute."

"Mama Cheche, subiri tufike somo la kasi. Nitakupigia moja uitundike sebuleni." Jumamosi akaifuta, na nilipojua nilinuna mpaka chakula cha jioni, kisha nikasahau. Nani angekumbuka? Mtoto mwenyewe yupo, ananivutia kanga, kuna haja gani ya kugombania kivuli chake?

Somo la kasi likafika. Alirudi siku hiyo anang'aa uso. Alikwenda moja kwa moja bombani, akafungua maji kidogo, akapiga picha, akanionyesha: tone moja la maji limesimama katikati ya hewa, zima, la mviringo, halijui pa kwenda. Alikuwa ametoka kufagia kadi ya wiki nzima, na picha za Cheche zote zilikuwa zimekwenda na fagio.

"Jumamosi ijayo siendi kazini," akasema. "Asubuhi, jua likishatoka, nampeleka uwanjani kule shuleni namwachia akimbie anavyotaka. Simwambii atulie hata mara moja. Mwanga mwingi, mlango wa haraka. Nitamsimamisha hewani. Mpaka siku hiyo simpigi tena humu ndani, mwanga hautoshi."

Homa ilimwanza Cheche katikati ya wiki. Nilidhani ni homa ya watoto tu, ya kuamka nayo na kushinda bila. Kisha shingo ikakakamaa, na akatulia. Ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika, kabla hata hatujafika hospitali, kwa sababu nilimbeba njia nzima na hakusogea. Madaktari walifanya walichoweza. Jumamosi hiyo asubuhi, jua likiwa limetoka, tulikuwa makaburini.

Sitasema mengi juu ya siku zile. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na asiyeujua Mungu amwepushe nao.

Watu walipoanza kupungua nyumbani, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliniita chumbani. Wifi huyu ni mwanamke wa kauli, kila kitu kwake kina utaratibu. "Mama Cheche," akasema, "nitoleeni picha nzuri ya mtoto nikaikuze. Itundikwe hapo sebuleni. Nyumba haiwezi kukaa hivi hivi kama hakupita mtu."

Tukaanza kutafuta. Kulikuwa na picha moja ya alipozaliwa, amefunikwa nguo mpaka kidevuni, macho yamefumba. Ukiambiwa ni mtoto wa jirani utakubali. Kulikuwa na moja ya harusi ya mpwa wangu, Cheche yuko pembeni kabisa, amewapa watu mgongo, anakimbilia nje ya picha. Simu yangu ni ya vitufe, hata tochi yake inajivuta. Simu ya mume wangu alikuwa ameacha kuipigia picha tangu aanze darasa, maana mwenye kamera atapigaje picha kwa simu ya ufa?

"Kamera je?" wifi akauliza. "Si alikuwa anapiga picha kutwa?"

Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akaiwasha. Sisi wawili tukainama juu ya mabega yake. Akabonyeza: kigae. Kigae. Kikombe. Nyanya. Kona ya bafu la daktari. Kiti. Tone la maji. Zote safi, zote zimetulia, unaweza kuhesabu mikwaruzo kwenye kikombe. Akabonyeza mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akabonyeza tena, polepole, na kidole chake kilipofika kwenye lile tone la maji mara ya pili nikapiga kelele.

"Umemfuta mwanangu! Nyanya umeziacha, mwanangu ukamfuta!"

"Mama Cheche..."

"Usiniite! Kikombe kipo! Kikombe!"

Wifi akanishika mikono. "Basi, wifi yangu, basi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nilitamani kumtupia kitu. Yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na yajayo sikuyataka. Wifi ananipenda na sina ubaya naye, lakini siku ile kama methali zingekuwa mawe ningemrudishia zote.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na watu wawili na mlio mmoja. Mume wangu hakwenda kazini. Alizunguka na kamera yake anapiga picha mahali alipokuwa Cheche. Kigoda alichorukia, kikiwa kitupu. Alama za vidole vyake kwenye ukuta, chini ya swichi asiyoifikia. Ndala moja chini ya meza. Pembe ya shuka. Anapiga magoti, anabana viwiko, anatoa pumzi, anabonyeza. Kila mlio ulinichoma, maana zamani kwa kila mlio kulikuwa na miguu inakuja mbio. Sasa ulilia, ukanyamaza, na hakuna aliyekuja. Sikumwambia aache. Hatukuwa tunaambiana chochote. Tulichoendelea nacho ni majina tu, mimi namwita Baba Cheche na yeye ananiita Mama Cheche, kwa kuwa hatukuwa na mengine.

Nilirudi kusuka kabla sijataka, kwa sababu mikono isipokuwa na kazi inajishika kichwani. Mteja wangu mmoja, karani wa ofisi ya maji, alikuja asukwe mistari midogo midogo. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa chake nikamweleza yote, hata sijui nilianzaje.

"Lakini dada," akasema, "picha zilizofutwa si zinarudishwa?"

Mikono yangu ikasimama.

"Kweli tena. Shemeji yangu alifuta za harusi yake nzima. Yule fundi kompyuta wa pale karibu na duka la dawa akamrudishia. Ukifuta hazitoki, ni kama zimefichwa tu."

Nilisimama na chanuo limechomekwa kifuani, nikaingia ndani, nikamnyang'anya mume wangu kamera aliyokuwa amemwelekezea ndala, nikamwambia, "Vaa viatu." Karani wa watu nilimwacha barazani nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Alitushangilia kutoka pale pale alipokaa, "Nendeni, nendeni, mimi nipo!" Mungu amjalie.

Njiani nilitembea mbele, yeye nyuma, na mara ya kwanza tangu nimpigie zile kelele tulizungumza.

"Hata ile ya kigodani?" nikamuuliza bila kugeuka.

"Hata hiyo. Zilikuwa nyingi, Mama Cheche. Wiki ile ya mwisho kabla ya kufagia nilimpiga nyingi sana."

"Zote zimecheza?"

"Zote." Sauti yake ilipanda kidogo, kama ya mtu anayejisifu. "Hakuna hata moja aliyotulia."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka barabarani, mama mfiwa, na watu wananitazama. Nilikuwa nimeshaamini. Nilikuwa namwona kabisa sebuleni, mikono mingi na meno yote, na wifi akilalamika kwamba uso hauonekani.

Duka lilikuwa jembamba, kompyuta zilizofunuliwa matumbo zimepangwa mpaka darini. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameisukuma juu ya kitambaa cha kichwa. Alitusikiliza bila kutukatiza. Akasema pole, akaisema vizuri, si ya kupita. Akatoa kile kikadi kwenye kamera, kisichozidi kucha mbili za dole gumba langu, akakichomeka kwenye kompyuta.

"Niwaeleze ili msije mkanilaumu," akasema. "Ukifuta picha, kadi haiitupi. Inaandika tu kwamba ile sehemu sasa ni tupu. Picha inabaki palepale mpaka ije nyingine ikae juu yake. Ikishakaliwa, basi. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya, unaitoa kadi, unaiweka kando, huipigii kitu tena." Akashusha miwani machoni. "Tangu mzifute, kadi hii mmeitumia?"

Nikamgeukia mume wangu, kwa sababu mimi nilikuwa sijaelewa bado. Yeye alikuwa ameelewa. Nilimwona anaelewa.

"Baba, umeitumia?" fundi akarudia, kwa upole.

"Nilikuwa napiga pale alipokuwa anakaa," akasema. "Alipokuwa anachezea. Kiti chake. Viatu. Nyingi."

Mimi ndiye niliyechelewa kufika, na nilipofika nilifika na hasira zote za dunia. Kila kigoda kitupu alichokipiga kilikwenda kukaa juu ya Cheche. Kila ndala. Alimtafuta nyumba nzima kwa kamera yake, na kwa kila alipomtafuta akawa anamfunika. Mkono wangu uliinuka peke yake, nakiri, ulitaka kumpiga mbele ya watu. Yeye alikuwa ameshakaa chini kwenye kizingiti cha duka, ameegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, analia kwa sauti, mwanamume mzima aliyelala macho makavu siku zote za msiba. Mkono uliposhuka ulishukia begani kwake. Sikumsamehe, nisije nikasema uongo. Ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemtafuta mtoto yule kama mimi isipokuwa huyo aliyekuwa chini.

"Niachieni kadi," fundi akasema. "Nitajaribu. Rudini kesho. Ila msijipe matumaini makubwa."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilijipa.

Kesho yake alitukalisha kwenye viti viwili vya plastiki. Kompyuta ilijaa vipicha vidogo. Vingi vilikuwa vya kijivu vitupu, vingine vilikuwa vigae na vigoda. Alituonyesha kimoja kimoja, hakutuharakisha. Hapa palikuwa na picha, hapa imeliwa yote. Hapa pia. Hapa pia. Kisha akasimama.

"Ipo hii moja," akasema. "Imekaliwa kuanzia katikati kwenda chini. Kipande cha juu kimepona. Lakini mtoto sijamwona."

Akaikuza, na nikajiona mwenyewe.

Niko sebuleni, nimekaa kwenye mkeka, nyuma yangu ukuta. Uso wangu umetoka safi kabisa, unaweza kuhesabu nyusi. Nacheka mdomo wazi, kichwa nimekiinamisha, macho nimeyatupa chini mbele yangu. Picha inakwenda vizuri mpaka mabegani, hapo inakatika, sawasawa kama mstari wa kigae, na kuanzia hapo mpaka chini ni kijivu. Sijui ilikuwa siku gani. Sijui alikuwa anafanya nini, anaruka, amejilaza magotini kwangu, ananionyesha kitu mkononi, sikumbuki. Nilicheka mara nyingi sana kwa ajili yake, sikuwa naziweka akilini.

"Mimi nilikuwa nimetulia," nikasema, kama mjinga. "Yeye ndiye aliyecheza. Ndiyo maana akaifuta."

Mume wangu alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Aliweka kidole kwenye kile kijivu, chini kidogo ya kidevu changu, akakiacha pale. Fundi akainuka akaenda kujipa shughuli nyuma ya duka.

Tukaikuza ile picha, tukaitilia fremu. Mume wangu aliitundika sebuleni mwenyewe, akaipimia kwa pima maji yake ya kusawazishia vigae mpaka kiputo kikakaa katikati, na siku hiyo hakushika kamera. Hajaishika tena mpaka leo. Amerudi kwenye vigae, na mteja akitaka picha anamwambia aende akaone kwa macho.

Maneno hayakukawia. Majirani waliingia kutoa pole, wakainua macho ukutani, wakashusha, wakaaga mapema. Nilijua wanachosema wakifika nje. Hatimaye wifi akaja, na wifi hana desturi ya kusemea nje.

"Mama Cheche," akasema, amesimama katikati ya chumba na mkoba mkononi, "mimi ni dada yenu, nisiposema mimi nani atasema? Nilisema itundikwe picha ya mtoto. Wewe umefiwa juzi tu, unatundika picha yako mwenyewe, tena unacheka namna hiyo! Na nusu nzima imeharibika. Watu watakuelewaje?"

"Usiniangalie mimi, wifi," nikamwambia. "Angalia ninakoangalia."

Alitaka kujibu. Akainua macho tena, akauona uso wangu, akafuata macho yangu pale yanapoelekea, chini, taratibu, mpaka yakamfikisha kwenye kijivu. Kisha mkoba ukamtoka mkononi, akakaa chini sakafuni, palepale mbele ya picha, na akaanza kumlilia mtoto kwa jina.